Kusomwa Mara ya Pili

Saa tatu kasorobo, Bismarck, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Wabunge wanaingia wakikung'uta theluji viatuni,
mmoja na kahawa, mwingine na mafua,
na mchungaji wa zamu anawaombea hekima
kwa maneno yale yale ya jana.
Kengele. Akidi imetimia.
Mimi ni karani msomaji. Mwaka wa ishirini na mbili huu
naikodishia serikali ya jimbo ulimi wangu.

"Muswada wa 1112, kuhusu upana wa matrekta barabarani."
Ndiyo sabini, hapana ishirini na mbili.
"Muswada wa 1290, kuhusu ada ya mizinga ya nyuki."
Mheshimiwa Schatz anasimama, anaketi, anasimama tena:
anataka koma iondolewe, ukurasa wa nne, mstari wa tisa.
Koma inajadiliwa dakika kumi na saba.
Nimeshaona koma ikila shamba la mtu. Sicheki.

Kisha kidole changu kinafika 1347.

"Muswada wa kuwataka wenye maghala ya nafaka
wawe na kamba, na mkanda wa kiunoni,
kwa kila anayeingia ndani."
Ni hayo tu. Sentensi moja na faini ya dola mia mbili.
Hamna jina la mtu humo;
miswada huitwa kwa namba, kama ng'ombe mnadani.
Ila juu, kwenye roshani ya wageni,
yupo Arlys Fettig, aliyeendesha gari saa nne usiku kucha wa barafu,
na kofia ya sufu ya mwanawe mapajani.
Wiki iliyopita kamati ilimpa dakika mbili.
Alitumia moja.
Alisema: ngano, ukiitazama kwa juu, utadhani sakafu.
Alisema: Cody alizama ndani ya mkate wetu wenyewe.
Kisha akauliza kama anaruhusiwa kuketi.

Mheshimiwa Delphine Azure anautetea, sauti chini,
kama anayemsemesha farasi aliyeshtuka.
Mheshimiwa Hjelmstad anapinga, wala si mtu mbaya,
jeneza lile alilibeba, bega la kushoto;
ila anasema mkulima hafundwi shambani mwake na watu wa ofisini,
leo kamba, kesho mtatuhesabia vijiko.
Meza zinagongwa.
Spika anauliza kama kuna mwingine.
Kimya. Kimya cha watu wenye njaa ya saa sita.

Ubao unawaka: kijani, nyekundu, kijani,
mti wa Krismasi uliosahauliwa hadi Februari.
Arobaini na tano, ndiyo.
Arobaini na saba, hapana.
Wawili hawapo. Mmoja nilimwona kwenye ngazi, anakula keki.

"Muswada umeanguka," nasema,
kwa sauti ile ile ya matrekta na nyuki,
maana ndiyo kazi: ulimi usiegemee upande.
Hansadi haitaonyesha
kwamba kabla ya neno hilo pumzi iligoma.
"Muswada wa 1348, kuifanya polka dansi rasmi ya jimbo."
Ndiyo tisini na mbili. Hapana, hakuna.
Makofi.

Jioni namkuta uwanja wa magari.
"Wewe ndiye uliyesoma."
"Ndiye mimi."
"Ulisoma vizuri. Hukuharakisha."
Akauliza utaweza kurudi lini.
Nikamwambia bunge letu hukaa mwaka mmoja, mwaka wa pili hulala.
Akahesabu kwa vidole vya glavu, sijui alihesabu nini,
akafika cha tatu, akakunja ngumi.

Gari lake lilikuwa limechomekwa umeme ukutani, injini isigande.
Akauchomoa waya, akaanza kuuzungusha,
kiganjani, kiwikoni, kiganjani, kiwikoni,
taratibu, kana kwamba baridi haimhusu,
akaufunga fundo
na kulijaribu, kwa kulivuta mara mbili.